Tepu ya Tano

Mwaka ule wa 1970, kuanzia Julai hadi Oktoba, Gaudensia Chilumba hakusoma gazeti kama watu wasomavyo. Alikwenda moja kwa moja kurasa za katikati, penye habari ndogo ndogo za nchi za nje, kidole kikishuka taratibu kutafuta neno moja tu: Msumbiji. Asipoliona, alishusha pumzi. Akiliona, alisimama palepale alipo, iwe kituo cha basi cha Tottenham au foleni ya chai kwenye kantini ya hospitali, akaisoma habari yote ndipo aendelee.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Newala, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili wa kusomea ukunga. Baba yake alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, akavuka angali kijana kuja kukata mkonge, asirudi tena. Mzee alipofariki, wanawe walidhani mambo ya ng'ambo yamezikwa pamoja naye. Kumbe sivyo. Mdogo wake Gaudensia, Cosmas, mwalimu wa shule ya msingi, aliaga siku moja kwamba anakwenda Mtwara kuchukua vitabu vya wanafunzi. Barua yake iliyofuata ilisema amevuka mto, amejiunga na wapigania uhuru, na asilaumiwe mtu.

Tangu hapo barua zake zilipitia kwa nesi mmoja wa hospitali ya wapiganaji pale Mtwara. Zilikuja kwa kusuasua, moja baada ya miezi miwili, mitatu. Ya mwisho iliandikwa Mei. Halafu Julai Wareno wakapanda nyanda za juu za Mueda na jeshi ambalo halijapata kuonekana huko, askari zaidi ya elfu thelathini kwa maelezo ya magazeti, na wakaipa operesheni yao jina la fundo la hadithi za kale lisiloweza kufunguliwa, maana yake wamekuja na upanga wa kulikata. Lisbon ikatangaza ushindi. Kambi kubwa zote zimetekwa, waasi mamia wameuawa, waliobaki wametawanyika. Gaudensia aliyakata matangazo hayo kwa mkasi wa bendeji, akayaweka kwenye bahasha chini ya godoro lake pale hosteli ya manesi, kisha akajiuliza anayaweka ya nini.

Oktoba, Jumanne moja, akaitwa kwenye simu ya hosteli. Alikuwa Hilary, katibu wa kamati ndogo ya Waingereza waliokuwa wakiwaunga mkono wapigania uhuru. Gaudensia alikuwa amekwisha kuwatafsiria barua mbili tatu.

"Shiraz amerudi," Hilary alisema. "Amekuja na tepu saba. Watu wanazungumza Kimakonde, na hapa London hatumjui mwingine anayekijua isipokuwa wewe."

Ofisi ya kamati ilikuwa juu ya duka la fundi viatu, mwendo wa dakika tano kutoka stesheni ya King's Cross. Ilikuwa na meza mbili, mashine ya kuchapa, na dirisha lisilofunga sawasawa. Hilary alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwalimu wa jiografia, mwenye tabia ya kusimama muda wote kana kwamba kengele ya kipindi italia. Shiraz yeye alikuwa ameketi sakafuni akifuta kinasa sauti kwa kitambaa. Kijana wa Kiismailia kutoka Lindi, baba yake ana duka la vitambaa. Alikuja London kusomea upigaji picha, na mwaka ule akajipenyeza mpaka ndani ya Msumbiji pamoja na msafara wa wapagazi wa risasi. Alikuwa amekonda, shingo ikiwa na makovu mabichi ya kuumwa na wadudu.

"Dada Gaudensia, shikamoo," alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

"Marahaba. Shiraz, huko ulikokwenda, ulimwona Cosmas Chilumba? Mwalimu, mrefu, ana mwanya?"

Alikuwa amejiapiza kwamba hataanza na hilo. Shiraz aliinamisha macho.

"Kule hakuna anayetumia jina la baba yake, dada. Na wengi wamejipa majina ya vita. Nimewaona watu mia tatu, labda mia nne. Mwanya... sikumbuki. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii," alisema Gaudensia, akavaa visikilizio masikioni.

Kwa siku tatu, kila alipotoka shifti ya asubuhi, alipanda treni akaja kukaa mbele ya mashine ile. Tepu ya kwanza alizungumza kamanda mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Alieleza jinsi mizinga ilivyoanza kunguruma kabla ya mapambazuko, ndege zikafuata, na walipodhani wamekwisha kuyaona yote, helikopta zikashusha askari nyuma yao huku mbele mabuldoza yakiula msitu, mti baada ya mti, na nyuma ya mabuldoza magari, na nyuma ya magari watu wasiohesabika. "Walikuja kuiteka kambi," alisema, "na kweli wakaiteka. Walikuta masufuria. Sisi tulikuwa tumekwisha kushuka mabondeni na wazee na mbuzi."

Tepu ya pili ilihusu barabara iliyokatwa na mabuldoza yale. Kijana mmoja alisimulia namna walivyokuwa wakilala kando yake siku mbili bila maji, mabomu yametegwa chini ya udongo uliochimbuliwa na adui mwenyewe, wakingoja gari la kwanza. Tepu ya tatu ilihusu kambi nyingine iliyopiganiwa siku mbili mfululizo, mpaka watu wakawa wanaitana majina gizani kwenye moshi kujua nani bado yuko hai. Hiyo Gaudensia aliisikiliza amekaza meno. Kila jina lilipotajwa, kalamu ilisimama, na lilipopita bila kuwa lenyewe aliandika tena, mwandiko ukipinda.

Ijumaa akaanza ya tano.

Aliyezungumza ni mwanamke. Alijitaja kuwa Teresia, wa kikosi cha wanawake, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeeleza namna ya kupika mihogo. Alisema kambini kwao palikuwa na zahanati yenye wagonjwa arobaini, wengine wamekatwa miguu, na pia watoto wa shule. Helikopta ziliposhuka, njia ilikuwa moja tu, ile ya kisimani. Nyanda zile hazina maji juu. Maji yako bondeni, na kila njia ya maji inajulikana hata na adui. Basi watu kumi na wawili wakasema, sisi tutabaki hapa kisimani mpaka mgonjwa wa mwisho apite.

"Nitawataja," alisema Teresia, "ili wasije wakasahauliwa."

Akaanza kuwataja, na kila alipomtaja mtu alieleza na njia aliyowaelekeza wagonjwa, kilima gani wakizunguke, kijito gani wakifuate, mpaka bonde walilofikia, na hilo bonde akalitaja kwa jina lake, mara tatu, kwa fahari. Wagonjwa wako pale hadi leo, alisema, na shule imeanza tena. Jina la tisa likatoka: "Mwalimu Kosimasi, yule wa Newala, mwenye mwanya. Ndiye aliyetutia kichwani ramani ya kwenda..." na bonde likatajwa tena.

Gaudensia alishika ukingo wa meza.

"Walipigana tangu asubuhi mpaka jua la utosi," Teresia aliendelea. "Na katika wale kumi na wawili..."

Hapo sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ikawa kama mlango mkubwa unaokokotwa, kisha kimya. Betri zilikuwa zimekwisha kule msituni. Akarudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha mara nane. Neno lililofuata halikuwamo.

Hilary alimkuta amekaa vile vile, visikilizio vikiwa shingoni.

"Kuna nini?"

Gaudensia akamweleza yote, ya mdogo wake na ya bonde. Hilary aliketi, jambo ambalo si kawaida yake, akamshika mkono. Lakini baada ya muda kidogo alisema, polepole, kama mtu anayekanyaga bila viatu penye vigae: "Gaudensia, Lisbon inasema hakuna mtu aliyebaki kule. Mwandishi mmoja wa gazeti la Jumapili ameniambia wazi: nipe jina la mahali nitakaloliona kwenye ramani, nitaandika ukurasa mzima. Bila jina ni manung'uniko tu."

"Na nakala ya pili ya gazeti hilo itasomwa na nani? Wana ndege, Hilary. Jina hilo likichapishwa Jumapili, kufikia Jumatano hakuna zahanati."

"Tunaweza kulificha kwenye maandishi."

"Jumamosi ya wiki ijayo mnapiga tepu hiyo kwenye mkutano mbele ya watu mia mbili. Utawazibaje masikio? Mimi si Mmakonde pekee duniani. Wareno wana askari Wamakonde, wana wakalimani."

Hilary akasema uamuzi si wake peke yake. Kamati itakutana Alhamisi. Na tepu si zao, ni za Shiraz.

Gaudensia hakulala vizuri siku zile. Wodini alimpa mzazi mmoja uji wa mwingine, na matroni akamwuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Jumatano, siku yake ya mapumziko, alichukua treni kwenda Hayes, ambako Shiraz alikuwa akibeba mizigo kwenye ghala moja jirani na uwanja wa ndege. Alimngoja nje ya lango, kwenye upepo, kila dakika chache ndege zikipita chini juu ya paa za nyumba. Kila moja ilipokaribia, shingo yake ilijikunyata. Kwa miezi mitatu alikuwa akisoma habari za ndege tu.

Shiraz alitoka saa ya chakula, akashtuka kumwona. Wakaketi juu ya ukuta mfupi.

"Teresia, yule wa tepu ya tano. Betri zilipokwisha alikuwa anasema nini?"

"Sijui Kimakonde, dada. Mimi niliitikia kwa kichwa tu."

"Fikiri. Alilia? Alicheka? Alifanya nini na mikono?"

Shiraz aliufunga mkate wake tena kwenye karatasi. Alifumba macho kwa muda.

"Alinyanyua vidole," alisema mwishowe. "Hivi." Akainua vitatu.

"Watatu wamekufa, au watatu wamerudi?"

"Wallahi sijui."

Gaudensia alivitazama vile vidole vitatu mpaka Shiraz akaona haya akavishusha. Kisha akamweleza habari ya bonde, na kwamba njia zote na majina yote yamefumwa pamoja, huwezi kutoa uzi mmoja ukaacha mwingine. Dakika moja na nusu nzima ni lazima itoke.

"Nilimwahidi," Shiraz alisema. "Kabla mkalimani hajaondoka aliniuliza kupitia kwake, haya maneno yatafika? Nikamwambia yatafika yote. Alitembea siku mbili kuja kuzungumza kwenye mashine ile. Na hayo majina, dada, hayako popote pengine. Hakuna nakala."

"Najua hakuna nakala."

"Na la mdogo wako limo."

"Limo, Shiraz. Unadhani limenitoka?" Sauti yake ilipanda, na wafanyakazi wawili waliokuwa wakivuta sigara getini wakageuka. Akaishusha. "Mimi ndiye niliyemtia maneno. Siku ya matanga ya baba nilimwambia, wenzako wanavuka na wewe unafundisha watoto a, e, i, o, u. Nilisema kwa hasira tu. Wiki iliyofuata akaenda kuchukua vitabu Mtwara. Kwa hiyo usinifundishe jina lake limo wapi."

Shiraz aliutia mkate wake mfukoni. Ndege mbili zikapita.

"Kesho, kabla kamati haijakaa," alisema. "Ninao ufunguo wa ofisi. Lakini mikono yangu haiwezi, dada. Utakata wewe."

Alhamisi saa nane mchana walikuwa wawili tu mle ofisini. Shiraz aliiweka tepu, akamwonyesha namna ya kuisogeza kwa vidole mpaka neno linalotakiwa lifike penye kichwa cha mashine, kisha akaenda kusimama dirishani, amempa mgongo. Gaudensia alisikiliza mara ya mwisho. Hakutafsiri, alisikiliza kama watu wanavyosikiliza nyumbani, Teresia akiwataja mmoja mmoja. Aliyashika majina kumi na mawili kichwani, bila mabonde na bila vijito, akayarudia kwa midomo mpaka akayaweza. Ndipo akatoa mkasi wake wa bendeji.

Utepe ulikatika kirahisi, kama kitovu cha mtoto kilichokwisha kufungwa. Aliukata mahali pawili, akaunganisha ncha kwa gundi ya karatasi kama Shiraz alivyomwelekeza, na kile kipande kirefu chenye rangi ya hudhurungi akakizungusha vidoleni akakitia mfukoni. Jioni, kwenye shifti, alikikatakata vipande vidogo, akavichanganya na pamba na bendeji zilizotumika, akavipeleka mwenyewe kwenye tanuri la hospitali. Mzee wa tanuri alimwambia kazi hiyo si ya wakunga. Alibaki pale mpaka mlango wa chuma ulipofungwa.

Kwenye kamati, alasiri ile ile kabla hajaenda kazini, Hilary aligundua mara moja alipoona kiungo cha gundi kwenye utepe. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungeniamini, Gaudensia," na sauti ile ya upole ilimchoma kuliko tusi. Mwandishi wa gazeti aliandika mistari minne.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Waliposikia sauti ya Teresia watu walitulia kimya. Gaudensia alisimama kando ya mashine akitafsiri, na utepe ulipofika mahali pa kisima alijua lazima kiungo kile kitasikika; alisikia mkwaruzo mdogo, kama mtu aliyemeza mate, na Teresia akaendelea: "Walipigana tangu asubuhi mpaka jua la utosi." Kisha sauti ikazama, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Wakati wa maswali, mwanamume mmoja aliyekaa nyuma, amevaa koti zuri la kijivu, aliinua mkono.

"Hiyo zahanati iliyohamishwa, iko sehemu gani hasa?"

Gaudensia alilitazama koti lile.

"Iko Msumbiji," alijibu.

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwanamume yule aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akatoka kabla ya chai. Hakuna aliyemfahamu. Huenda alikuwa mwandishi tu. Lakini kwa wiki nyingi Gaudensia alikuwa akishuka kituo kimoja kabla ya chake, akitembea sehemu iliyobaki, na kila koti la kijivu lilimgeuza shingo. Aliwaza pia jambo baya zaidi: kwamba pengine bonde lile lilikwisha kupigwa zamani, watu wote wamekufa, na yeye amechoma bure ushahidi wa mwisho kwamba waliwahi kuishi.

Januari, asubuhi ya baridi kali, akakuta bahasha kwenye kisanduku chake. Ina stempu ya Tanzania, imetoka Mtwara. Mwandiko si wa Cosmas, wala si wa yule nesi. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huko, kama za mtu asiyezoea kalamu. Barua za msiba huandikwa na watu wageni. Aliitia mfukoni mwa sare, akaingia kazini.

Aliibeba kwa muda wa saa sita. Alipima mapigo, alibadilisha mashuka, alimzalisha mama mmoja wa Kihindi kutoka Neasden, Bharti jina lake, aliyekuwa akimshika kiganja hadi mifupa ikalia, na mtoto alipotoka akalia, Gaudensia naye machozi yakamtiririka, na Bharti akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa, "Polepole, dada, mbona wewe ndiye unayelia?"

Ndipo akaingia chumba cha mashuka, akaketi juu ya kikapu, akaifungua.

*Dada Gaudensia, usishangae mwandiko. Mkono wa kulia nimeuacha kisimani, najifunza kwa wa kushoto. Tulibaki kumi na wawili, tukarudi watatu. Wale tuliowafungulia njia wako salama, na wamepanda mahindi. Nipo hapa Mtwara tangu Septemba, mwanzoni sikujua hata jina langu, ndiyo sababu sikuandika. Sasa nimepona. Huko ndani hawana mwalimu. Machi, hata kama mvua hazijakwisha, ninavuka tena. Chaki haihitaji mikono miwili. Mdogo wako, Cosmas.*

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma amekaa. Akacheka kwa sauti, halafu akajiziba mdomo kwa shuka. Watatu. Akawaza yale majina kumi na moja mengine aliyo nayo kichwani, asijue ni mawili yapi yaliyorudi, na akajua kwamba kwa nyumba tisa nyingine hakuna bahasha itakayofika. Furaha na aibu vikamkaa kifuani pamoja, hakuna kilichotaka kumpisha mwenzake.

Jioni Hilary alipiga simu. Walikuwa hawajazungumza tangu Novemba. Gaudensia alimwambia habari, na Hilary akalia waziwazi kwenye simu, kisha akauliza kama barua hiyo inaweza kuchapishwa.

"Hapana," alisema Gaudensia.

"Sawa," alisema Hilary. "Sawa kabisa."

Alirudi chumbani akatoa karatasi. Aliandika *Mdogo wangu Cosmas*, akaandika anavyomshukuru Mungu, akaandika habari za baridi na za mtoto wa Bharti. Alipofika mahali pa kuandika *usivuke*, kalamu ikasimama. Alikaa nayo hivyo muda mrefu, chai ikapoa. Mwishowe aliandika: *Ukivuka, mwambie nesi aniandikie siku hiyo hiyo.* Akaifunga barua, akabandika stempu. Kisha akaiendea kalenda ya hosteli iliyoning'inia koridoni, akahesabu siku zilizobaki mpaka Machi, na asubuhi yake, kabla ya kupanda basi, akanunua gazeti, akalifungua kurasa za katikati.